Mawe Sita ya Mama Isabela: Kumbukumbu ya Fundi Dunstan Barnaba

Ni mwaka mmoja sasa, Dunstan, tangu mguu wako utoke kwenye cherehani usirudi tena. Uzi mweusi ulibaki mwaka mzima kwenye sindano, pale pale ulipoukatiza ukisema kichwa kinauma kidogo, unakwenda kujilaza. Ilikuwa Jumanne, tarehe 20 Agosti 2002.

Tangazo hili lilikuwa litoke Jumatano iliyopita, siku ya misa yako. Limechelewa kwa sababu mkeo, Oliva, hakukubali liandikwe kabla ya jambo moja kwisha. Unamjua. Akisema ngojeni, hata padri hungoja. Alitaka kuusikia wimbo wake wa harusi mara moja tu, kwa mwendo ule ule alioolewa nao, na namna ya kuupata mwendo huo ulikuwa umeondoka nayo wewe.

Wasiokujua waambiwe kidogo, maana na wao wanasoma.

Mwaka 1986 ndipo marobota ya mitumba yalipoanza kufika sokoni Masasi bila kujificha. Rafiki yako Bwanali alifungua robota la makoti mazito mbele ya baraza lako la ushonaji, na katikati ya makoti kulikuwa na sahani ya santuri ndani ya jalada lake, haina hata mkwaruzo. Bwanali aliigeuza huku na huku, akaona haivaliki, akakurushia wewe. Ulikuwa na gramafoni uliyoachiwa na baba yako, Mzee Barnaba. Ilifungwa kama sanduku na ilikula mawe sita ya redio, yaani betri. Miaka mingi ilikuwa imekaa juu ya kabati imefunikwa kanga, kwa kukosa cha kula na cha kuimba.

Jalada lilijaa picha za vijana wa Ulaya, vikundi kumi na vinne, kila kikundi na wimbo wake mmoja. Nywele zimesimama kama kilemba cha jogoo. Mashati yamechanika kwapani, suruali magotini, na mipasuko yote imeshikizwa kwa pini, zile za kufungia nepi. Soko zima lilicheka. Wewe uliangalia kwa jicho la fundi.

"Maskini," ulimwambia Bwanali. "Vijana wote hawa, hakuna hata mmoja mwenye fundi."

Ulisikitika kweli, hukuwa unatania. Siku zile sisi wenyewe tulivaa kiraka juu ya kiraka, kitambaa kikipatikana kwa foleni, kwa hiyo uliwaelewa haraka. Toka hapo mtu akipita barazani na pini kwenye nguo, ulimwita. "Hebu njoo hapa, unatembea kama wale wa kwenye jalada." Ulimshonea hapo hapo amesimama, pini ukaitia mfukoni, kisha ukamfukuza kabla hajakushukuru. Wapo watu wazima hapa Masasi ambao mpaka leo wakivaa pini hugeuka kwanza kuangalia upande wa baraza lako.

Turudi kwenye mawe. Mapya hayakuonekana dukani, na yaliyochoka watu waliyaanika juani, maana yakipata joto huamka kidogo. Wewe uliyaanika siku tatu juu ya bati, ukiyageuza kama makopa ya muhogo. Ukayatia, ukateremsha sindano, na santuri ikaimba. Iliimba pole pole. Sauti zilikuwa nzito, za wazee, na ngoma zilitembea kama mtu aliyebeba gunia la korosho akipanda mlima wa kwenda Newala. Hukujua kwamba kuna kosa, na nani angekwambia? Ulisikiliza umeinamisha kichwa, ukasema hawa wanaziombolezea nguo zao.

Tarehe 23 Agosti mwaka huo huo, Jumamosi, ulimwoa Oliva kwao Mkunya. Ulipanda na lori la mizigo, gramafoni umeipakata kama mtoto mgonjwa. Wimbo wa tatu wa upande wa kwanza ndio mlioingia nao uwanjani. Oliva alikuwa na miaka ishirini na viatu vya kuazima vilivyombana vidole, na mpaka leo anasema hakuna wimbo mwingine duniani ambao ungemngoja. Alikanyaga, wimbo nao ukakanyaga. Akisimama, nao kama unasimama. Shangazi zake walilia. Wakubwa wa Mkunya wakasema kwaya hii ya Kizungu ina adabu.

Mlikaa na hiyo kwaya yenye adabu miaka mitatu.

Kisha maduka yakajaa. Bwanali alirudi kutoka Dar es Salaam na mawe sita mapya yakiwa bado kwenye nailoni, akayaweka juu ya meza yako ya kukatia. "Fundi, leo wape wanakwaya wako chakula cha maana," alisema. Uliyatia, ukateremsha sindano, na baraza zima likaruka. Ngoma zilikimbia kuliko cherehani. Walioimba walikuwa kama watu wanaogombea ndoo bombani, hakuna anayengoja zamu. Mama mmoja aliyekuja kupimwa gauni alitoka mbio na futi yako imemzunguka kiunoni.

"Zima, fundi!" Bwanali alipiga kelele. "Hao wanauana!"

Hukuzima. Ulisimama na chaki mkononi mpaka upande wa kwanza ukaisha, ukaigeuza santuri, ukasikiliza na wa pili. Halafu ulicheka mpaka ukakaa sakafuni.

"Hawauani, Bwanali. Walikuwa na njaa tu. Miaka mitatu tumewasikiliza na njaa yao, tukadhani ndiyo sauti yao."

Mwingine angelificha kosa kama hilo. Wewe ulilisimulia kwa kila mteja, ukijicheka mwenyewe, na wale vijana wa pini ukawapenda zaidi ya mwanzo. Ulisema sasa umewaelewa, walikuwa wamekasirika tangu mwanzo na walikuwa na haki. Jumamosi mchana vijana wa mjini walikuja barazani kurukaruka, nawe ukashona kwa mwendo wao. Sare za shule zilizokuwa zikichukua wiki ulizimaliza kwa siku mbili. Hata kaseti zilipoenea na kila kibanda kikawa na redio yake, hukuiacha santuri. Ulisema kaseti haina mahali pa kuwaona watu usoni.

Lakini siku ile ya mawe mapya Oliva alikuja na chakula chako cha mchana, Isabela mgongoni. Alisimama na sufuria kichwani mpaka wimbo wa tatu ukafika, ukapita mbio, ukaisha. Akatua sufuria.

"Baba Isabela, wimbo wangu umekwenda wapi?"

"Ndio huo, mama. Ndivyo ulivyo hasa."

"Huo siujui. Mimi sikuolewa na huo."

Hukubishana naye. Hukumwambia kwamba ule wa harusi ulikuwa makosa, ingawa ungeweza, na ushahidi ulikuwa unazunguka pale pale mezani. Tunakupenda kwa mengi, Dunstan, lakini kwa hilo tunakuheshimu.

Tangu hapo kila mwaka uliyachosha mawe sita kwa makusudi. Uliyatia kwenye redio ukasikiliza taarifa ya habari jioni baada ya jioni, mpaka sauti ya mtangazaji ianze kuwa nzito. Hapo uliyatoa. Ukiyaacha zaidi yanakufa, ukiyatoa mapema yanakimbia. Uliyafunga kwenye kitambaa, ukayatia kwenye kopo la maziwa ya unga. Tarehe 23 Agosti asubuhi uliyaanika juu ya bati, na mchana ulifunga baraza, ukaja nyumbani Lisekese kumpigia mkeo wimbo wake. Mmoja tu, halafu ulirudi kazini. Miaka kumi na mitatu hukukosa hata mmoja. Majirani walidhani una ubahili wa mawe.

Mwaka jana ulitutoka zikiwa zimebaki siku tatu.

Oliva hakumruhusu mtu kugusa cherehani wala droo yake. Dada yako Magdalena, aliyekuja kukaa naye, alijaribu mara moja kufuta vumbi, akaondolewa kwa heshima zote. Jumatano iliyopita, baada ya misa, tulikusanyika nyumbani. Isabela, ambaye sasa ana miaka kumi na sita na urefu wako, alikuwa amenunua mawe mapya ili akupigie santuri yako. Ilipoanza, Bwanali aliinuka na goti lake bovu akacheza, na waliokuwepo wakapiga makofi. Oliva akainuka akaingia ndani.

Magdalena alimfuata. "Wifi, tumekukosea?"

"Hamjanikosea. Nyie mchezeeni, aliupenda huo." Oliva alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono magotini. "Ila mimi nnautaka ule wa pole pole. Mara moja tu, nitulie. Mwaka mzima nikifumba macho unanijia huu wa mbio, na yeye anapita nao, simuoni."

Basi tulihangaika. Isabela aliweka kidole juu ya santuri kuizuia, sauti zikayumba. "Acha, mwanangu," Oliva alisema kutoka ndani. "Huyo amelewa." Bwanali alikwenda kwake akarudi na mawe aliyoyatupa zamani uvunguni. Sahani haikuzunguka hata nusu.

"Hayo yamekufa, shemeji," Oliva alimwambia. "Baba Isabela alitumia yaliyochoka. Yaliyokufa ni mengine."

Bwanali aliinamisha kichwa. Alikuona ukifanya kazi ile miaka yote, akakucheka, na hata siku moja hakukuuliza inavyofanywa.

Magdalena ndiye aliyesema sasa mwaka umetimia, na ndani ya droo mna nguo za watu zinazongoja, si vizuri. Oliva aliinuka kutoka kitandani. Kisha akaenda kwenye cherehani akaifungua droo mwenyewe. Alitoa suruali mbili ambazo hazijapindwa, na sketi ya shule ya mtoto ambaye bila shaka amekwisha kuwa mrefu zaidi. Alitoa chaki, na kopo la pini, limejaa hadi juu, pini zote ulizozitoa kwenye nguo za watu tangu mwaka 1986. Nyuma kabisa, mkono wake ulipata kopo la maziwa ya unga.

Ndani mlikuwa na mawe sita, yamefungwa kwenye kipande cha kitambaa cheupe. Juu ya kitambaa uliandika kwa chaki yako ya bluu: Mama Isabela, 23.

Ulikuwa umekwisha kuyachosha. Wiki ile yote ya mwisho, tulipodhani unasikiliza taarifa ya habari, ulikuwa kazini. Oliva aliliweka kopo kifuani, akalia kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Tulimwacha alie.

Jumamosi tarehe 23, jua lilipotoka, alipanda kwenye kiti akayapanga mawe juu ya bati la jikoni. Hakutaka msaada. Saa nne aliyageuza.

"Mama, utajuaje kama yametosha?" Isabela aliuliza.

"Bati likikuchoma kidole. Nilikuwa nnamchungulia dirishani."

Saa sita mchana aliyatia kwenye gramafoni, moja moja. Aliteremsha sindano penye wimbo wa tatu. Kwanza kulikuwa na mkwaruzo tu, na Bwanali akaanza kuomba dua kwa sauti ya chini. Halafu wale wazee wakaanza kuimba.

Pole pole, Dunstan. Kama ulivyowaacha. Oliva alivua kandambili, akafumba macho, akakanyaga, na wimbo ukakanyaga. Magdalena alimshika Isabela mkono, na Isabela, aliyewasikia wale vijana wakipiga kelele maisha yake yote, alisema kwa mshangao, "Kumbe ulikuwa mzuri hivi." Bwanali alifuta uso kwa kofia yake. Oliva alizunguka uwanja mara moja, mkono mmoja umeinuliwa kidogo, mahali linapofika bega lako.

Kabla wimbo haujaisha mawe yalianza kushindwa. Sauti zilizama, zikazama zaidi, neno moja likachukua muda wa maneno matatu. Sahani ikasimama.

Isabela alikimbilia mawe mapya. "Ngoja, mama, kimebaki kipande!"

"Acha," Oliva alisema. Alikuwa amesimama pale pale wimbo ulipomwachia, anatabasamu, mashavu yamelowa. "Nimemuona. Amefika mpaka hapa."

Aliinua sindano, akairudisha santuri kwenye jalada lake. Kisha akaenda kwenye cherehani, akauchomoa ule uzi mweusi, akatia mpya, akavuta kiti. Ile sketi ya shule ilikuwa na upindo mpana, unaweza kushushwa.

"Haya," alisema bila kugeuka. "Sasa andikeni tangazo."

Unakumbukwa na mkeo Oliva, binti yako Isabela, dada yako Magdalena, rafiki yako Bwanali, wakwe zako wote wa Mkunya, majirani wa Lisekese, mafundi wenzako wa sokoni Masasi, na kila aliyewahi kupita barazani kwako na pini nguoni.

Daima tutakukumbuka, Fundi, kwa mwendo wako wa mbio, na kila tarehe 23 Agosti kwa ule wa pole pole. Isabela ameanza kusikiliza taarifa ya habari.