Mwewe wa Saluni

Jumatatu, 4 Machi
Mwewe kajigonga kwenye kioo cha saluni. Pu! Mteja aliyekuwa kwenye draya kapiga yowe kama kamwagiwa maji ya moto. Bosi naye kakimbilia — ndege? Thubutu! Kakimbilia simu. Karekodi huku akiimba "jamani maskini, jamani maskini", chozi hata tone. Aliyemwokota kwa taulo ni mimi, nikaambulia kuparurwa kiganja. Bawa moja linaning'inia.

Jumanne, 5 Machi
Bosi kamletea mkate uliolowekwa kwenye maziwa. Mwewe! Na maziwa! Nikamkatia vipande vya nyama mbichi, akala. Bosi akalinyakua bakuli, akajipiga picha. "Namlisha mwenyewe," anawaambia wateja. Mwenyewe!

Mchana kaja daktari wa mifugo, kaka wa mteja wetu mmoja. Bawa halijavunjika, limeteguka tu. Akae kwenye boksi, gizani, kimya; akipona aachiwe aende zake. Bosi: "Sawa daktari, sawa daktari." Daktari hajafika hata kona, boksi liko mapokezi, chini ya spika.

Alhamisi, 7 Machi
Saluni imefurika. Hadi mwanamume mwenye upara kaingia. Selfi tu! Dada mmoja kataka kumfunga ndege utepe shingoni. Nimelihamishia boksi stoo, bosi kalirudisha. Nimelihamisha tena. Shoga yangu anayesuka kwenye kiti cha pili ananionya: nitafukuzwa kazi kwa sababu ya ndege asiye na shukrani. Kweli hana. Leo kanidonoa tena. Lakini humu ndani ni yeye peke yake asiyejipendekeza.

Jumamosi, 9 Machi
Karuka! Kutoka kwenye boksi hadi juu ya kabati la shampuu! Bosi kanuna kama kaibiwa. Keshaagiza tundu lenye marembo ya dhahabu. Halafu, kwa sauti ya asali: "Mdogo wangu, wewe una mkono mwepesi wa mkasi. Jumatatu umpunguze manyoya ya mabawa, asije akatukimbia." Umpunguze! Kama vile kaja kunyolewa. Nimefagia nywele.

Jumatatu, 11 Machi
Naandika nikiwa chooni, saluni. Mwewe yuko mapajani, ndani ya taulo.

Bosi alipanga kila kitu: tundu, taa, simu kwenye stendi, wateja wamezunguka kama harusini. Akanikabidhi mkasi. Nikauweka mezani, nikambeba ndege, nikaingia humu, nikafunga komeo.

Anagonga. Mwanzo nilikuwa "mdogo wangu", sasa ni "kazi huna, mshenzi wewe!" Mteja niliyemwacha kasukwa nusu kichwa anauliza yeye itakuwaje. Swali zuri.

Dirisha ni dogo, liko juu, lina kutu. Nimepanda kwenye sinki, nimelisukuma kwa kiwiko. Limesogea kidogo — hewa imeingia, mwewe kainua kichwa! Bado halitoshi. Nimeshuka nipumzishe mkono. Kuna moyo unadunda hapa mapajani, wake au wangu sijui.

Shoga yangu ananong'ona mlangoni: wamemwita fundi aje avunje mlango. Kisha, polepole zaidi: "Sukuma upande wa kulia. Ndio huwa unalegea."

Napanda tena —