Kushona Nguo Iliyovaliwa

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Dada anasema tangu ufike kwake kupumzika umeshafumua mapazia yake yote na kuyashona upya. Nimecheka mpaka machozi! Basi umepona kweli, na mimi naweza kutubu.

Asubuhi ile ulipopasuliwa nilikuambia nina kazi ndogo tu. Uongo mtupu. Kompyuta kuu ya hospitali, ile inayowaonyesha madaktari mapigo ya moyo, ilikuwa imeanza kuchelewesha namba. Kosa lilikuwa ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo, katika kurasa za kumbukumbu yake zinazoruhusiwa kusomwa tu. Kuandika ni marufuku. Kuizima hatukuweza. Wewe ulikuwa mezani.

Bosi akasema, "Fungua kufuli zote, dakika moja tu."

"Thubutu!" nikamwambia. "Dakika hiyo chochote kinaweza kuandika popote."

Nikafungua njia ya pembeni kwenye ukurasa mmoja, ya kupita mimi peke yangu. Kwenye amri ya kwanza nikaweka alama ya kusimama, mashine isije ikatekeleza amri zilizobadilishwa nusu. Nikaandika zilizobaki, alama nikaiondoa mwisho, njia nikaifunga. Namba zikaanza kuja kwa wakati, na bosi akanikumbatia na kikombe chake cha chai mkononi.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinishonea sketi ya shule nikiwa nimeivaa, kengele imeshalia? Uliweka kiganja chako kati ya sindano na ngozi yangu. Sikuchomwa hata siku moja.

Safari hii, Shangazi, kiganja kilikuwa changu.

Mwanao yule yule asiyejua kutunga uzi