Chagua ile nyepesi

Bushira,

Maharage yako jikoni, mpakulie nyanya yako kwanza. Mimi niko hospitali na baba yako. Asubuhi, ninyi mkiwa mmelala, alishika jembe kwa ule mkono wake mmoja wenye nguvu, akaanguka kwenye matuta ya mboga ya dodo. Nilikuwa nimemsihi asubiri mashine ya betri. Akanijibu, "Mi si mutoto, Saidati." Sasa hata kusema hawezi.

Muuzaji anazileta leo zile mashine mbili za kulimia, tuchague. ~~Mwambie azirudishe zote.~~ Hapana. Ile kubwa inachimba sana, lakini ni nzito. Chukua ndogo, inasukumika kwa mkono mmoja. Weka betri kwenye chaji.

Akirudi, atalima. Asiporudi, nitaisukuma mimi.

Mama