Mashine Ilinyamaza Safu ya Tisa

Alhamisi, Julai 1999. Kaloleni.

Manyunyu tangu asubuhi, na jua halijaonekana wiki nzima. Mke wangu, Akinyi, ameniwekea ugali na matumbo, nimeshindwa. Nilipoinua tonge, harufu ya mafuta ilinipanda puani, nikalirudisha sahanini. Akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia ni baridi.

Si baridi. Leo nimejichukia mpaka chakula nacho kimenichukia.

Harufu hiyo nimetoka nayo ghalani, kule Eneo la Viwanda. Ni ghala la mafuta ya kupikia, yale ya madebe ambayo karibu kila nyumba huku Eastlands hukaangia, na debe likiisha tunapandia dania. Mwezi uliopita mimi na tajiri wangu, Bwana Mwangi, tulifunga pale mitambo ya redio isiyotumia waya: visanduku vinne juu ya nguzo, kila kimoja na antena yake. Kibarua anashika mashine ndogo mkononi, anaielekeza kwenye lebo ya debe, inalia pii, na hesabu inaruka hewani hadi kwenye kompyuta ya ofisini. Isipolia, debe halijahesabiwa.

Kupanda kule juu kulikuwa uchafu mtupu. Njiwa wameishi chini ya mabati yale miaka na miaka, na kinyesi chao kimegandamana kwenye vyuma kama uji uliokauka kwenye sufuria. Kulikuwa na panya aliyekufa, nikamsukuma kwa bisibisi. Nilikuwa karibu kutapika pale kibarua mmoja, Mama Khavere, aliponirushia leso yake nijifunge puani. Ni mama wa makamo, anatoka Mukuru kwa Njenga kwa miguu kila asubuhi, na ndiye aliyenishikia ngazi siku zote tatu kwa sababu sakafu ilikuwa inateleza mafuta. Alinitania kwamba nikianguka, mke wangu atakuja kumdai yeye mume.

Kosa lilikuja Jumapili iliyofuata, siku ya kupima. Ghala lilikuwa tupu. Madebe yote yalikuwa yametolewa nje ili sakafu ipakwe rangi. Nilitembea na mashine kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma, ikalia kila mahali nilipoijaribu. Lakini moyoni nilijua. Mwalimu wetu wa chuo cha ufundi alitukanya tusipime redio kwenye chumba kitupu, kwa sababu mawimbi yake hayapiti kwenye bati, na chumba kikishajaa kinakuwa chumba kingine. Nikamwambia Bwana Mwangi tungoje madebe yarudishwe.

"Godauni ni godauni," akasema. "Maliza hizo vitu twende, niko na harusi saa nane."

Basi nikamaliza. Nikatia sahihi kwamba redio inafika kila kona. Yeye akaenda harusini na suti yake, mimi nikarudi nyumbani na kinyesi cha njiwa kwenye kucha na leso ya watu kwenye mkoba.

Leo tumeitwa. Meneja wa ghala analalamika kwamba vibarua wa safu za nyuma ni wazembe. Karatasi ya kompyuta inaonyesha wanahesabu nusu ya wenzao, na Jumatatu alishawafukuza wawili. Alitaka fundi aje aseme neno tu, ili asionekane yeye ndiye mbaya.

Nikaingia ndani na mashine. Madebe yamepangwa hadi karibu na paa, kuta za bati kulia na kushoto. Safu ya kwanza hadi ya saba ililia vizuri. Safu ya nane ikaanza kusitasita. Safu ya tisa ikanyamaza kabisa.

Safu ya tisa ni ya Mama Khavere. Nilimkuta akikimbia. Anaielekeza mashine kwenye lebo, halafu anakimbia nayo hadi mwisho wa safu, anainua juu ya kichwa mpaka ilie, ndipo anarudi kwa debe linalofuata. Hakuwa analalamika. Alinieleza kama mtu anayemsifu mtoto wake mkorofi.

"Hii yangu inapenda hewa ya mlangoni," akasema. "Nimeshaijua tabia."

Wa safu za mbele wanahesabu wakiwa wamesimama. Yeye anakimbia kutwa, jasho linamtoka kwenye baridi hii, na kompyuta inasema ni mvivu.

Kabla hatujaingia ofisini Bwana Mwangi alinishika kiwiko. Akaninong'oneza kwamba nikifungua mdomo vibaya nitafute pengine pa kufanya kazi. Mama Khavere alikuwa ameshaitwa, amesimama kando ya meza. Meneja hakunikaribisha kiti.

"Fundi, hizi mashine ziko sawa ama haziko sawa?"

"Ziko sawa," nikasema.

Na kweli ziko sawa. Unaweza kuzifungua zote hutakuta ubaya. Ubaya uko juu ya nguzo, kwenye antena nilizozifunga mimi, na hilo hakuniuliza, nami sikumwambia. Hapo ndipo kinyaa kinaponishika. Mle ofisini sikusema uongo hata neno moja, na bado mtu amepoteza kazi kwa mdomo wangu.

Mama Khavere hakubishana. Alivua koti la kazi, akalikunja vizuri kama nguo ya kanisani, akaliweka mezani. Kisha akanigeukia.

"Sawa tu, mwanangu. Wewe ndio umesoma hizo vitu."

Hakuwa ananikejeli. Ameniamini. Ameondoka akijua kwamba mzembe ni yeye.

Tukirudi, Bwana Mwangi alininunulia soda.

Nikainywa.

Ninaweza kumlaani yeye na harusi yake, na yule meneja na karatasi yake. Nimewalaani njia nzima. Lakini wao hawajui mawimbi wala bati. Aliyejua ni mimi. Marehemu mama alizoea kusema njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia safu ya tisa.

Jioni nilipofungua mkoba kutoa bisibisi, leso ilikuwa pale chini, imekunjamana, na kinyesi cha njiwa kimekaukia kwenye pindo. Mwezi mzima sikukumbuka hata kumrudishia. Nimeifua mara mbili kwa sabuni ya mche. Doa limetoka, harufu ya mafuta imekataa. Nimeianika juu ya jiko, halafu nikachukua karatasi nikamwandikia meneja. Nilidhani itakuwa barua ndefu, imekuwa mistari hii tu:

Nilipima ghala likiwa tupu. Redio haifiki nyuma. Wale kina mama hawana kosa.

Akinyi ameisoma akiwa amesimama. "Na kazi yako?" akauliza. Nikaikunja barua. Akafunika sahani yangu, akasema nitakula nikiweza.

Kesho alfajiri Mama Khavere atakuwa nje ya geti na vibarua wengine, ananyoosha mkono achaguliwe na yeyote, kiwanda chochote. Hakuna njia nyingine ya kuingilia ghalani, lazima nipite mbele yake. Leso itakuwa imekauka. Lakini nitampaje leso na uso gani, kabla sijamrudishia kile kingine nilichomchukulia?

Nitaanza na meneja. Sitabishana naye wala sitamweleza mambo ya mawimbi. Nitamkabidhi barua, nimpe mashine mkononi, nimpeleke safu ya tisa, nimwambie ahesabu debe moja. Kisha tusimame pale wote wawili, tukingoja ilie.