Kamera ya motoka na mail ya Aaron

Yasmine, usinipigie. Minaandika ju sitaki muntu anisikie.

Unajua ile kamera yenye niliweka mu motoka? Aaron, ule wa kutengeneza telefone ku Kamalondo, njo aliitia carte SIM na mégas za internet. Akanilomba mail, adresse ya internet, ya kufungulia compte ya kamera. Mi sina mail. Akasema: « Haina neno, mama, tutatia yangu. »

Na mi nikasema merci. NIKASEMA MERCI, Yasmine!

Sasa leo midi, saa sita, niko narudi peke yangu, nimepita njia ya Naviundu ju ya embouteillage, motoka zilijaa ku njia yangu ya kila siku. Kamera ikasema.

Kamera! Sauti ya mwanaume: « Mama Michelle, leo haukupita na njia yako. »

Nikafikiri ni radio. Radio ilikuwa imezimika.

Ni Aaron. Compte iko ku mail yake: anaona njia zote, anasikia yote. Miezi mbili! Mambo yote tulisemaka mu ile motoka, weye na mi, alisikia.

Nikasimama, nikang'oa carte SIM, nikaitupa mu mutaro. Nikafika nyumbani, nikafunga portail, mulango wa inje, na kifungulo.

Sasa hivi message yake imeingia: « Kamera imezimika, mama. Nakuya kuitengeneza. »

Mi sikumuonyeshaka nyumba yangu hata siku moja.

Yasmine, kuko muntu anagonga ku portail. Haita jina yangu, anaita jina ya mutoto wangu, Michelle.

Na Michelle anacheka, anasema: « Mama, ni mujomba, tonton wa kamera! Tunaongeaka naye kila mara unaniacha mu motoka. »