Waliotaka Kuzikwa kwa Lameck

Ilomba, Mbeya

Kwako Mama Yohana, mke wangu,

Kamwene. Kamwene tena, maana salamu ya kwanza ni yako na ya pili ni ya nyumba nzima. Goti linakusumbua bado, au baridi ya Iringa imelionea huruma? Alizeti umeshapura au ndege wamekutangulia? Mimi huku ni mzima, na uzima wangu watu wanaushangaa. Vijana wa yadi ya mbao pale Iyunga huniuliza, mzee wewe unakula nini, nami nawajibu nakula ugali na sikubali kuonewa. Hakuna ubao uliotoka getini kwa wizi nikiwa mimi ndiye mlinzi. Tajiri mwenyewe amesema mbele za watu kwamba angekuwa na wawili kama mimi asingefuga mbwa.

Utajiuliza kwa nini nimeandika na simu zipo. Simu yako siiamini. Ukiwa shambani anayekushikia ni mke wa mdogo wangu Lameck, na neno likiingia sikio la mke wa Lameck limeshafika kwa Lameck kabla halijapoa. Neema alitaka kuniandikia kwa kompyuta nikakataa, kwa sababu habari yenyewe inaihusu hiyo hiyo kompyuta. Kalamu nimeshika mwenyewe. Herufi zangu unazijua, zimesimama kama nguzo za uzio, usizicheke. Barua nimempa dereva wa lori la mbao anayepita Iringa. Ni mzee wa kanisa, lakini hata hivyo bahasha nimeibandika kwa ugali. Ukiona imebanduka niambie.

Sasa sikiliza. Ulinituma nimchunguze mjukuu wetu Neema, mke mwenzako, kama kweli anasoma chuo au mji unamdanganya. Kwa kuwa analala humu humu kwangu, hakuna alichonificha. Anasoma. Ila anachosoma ndicho kilichonitia mashaka. Muhula huu wanafundishwa kitu kinaitwa databesi. Nikamwuliza ni mdudu gani. Akasema, "Babu, ni namna ya kupanga habari za watu na vitu ndani ya kompyuta, zisipotee na zisijirudie."

Nikamwambia habari za watu mimi nimezipanga kichwani tangu baba yako hajazaliwa, na sijapoteza hata moja.

Akacheka, akanieleza kwa mbegu. Maharage na mahindi huweki debe moja. Basi na wao watu wanawekewa jedwali lao na vijiji jedwali lao. Kijiji kinaandikwa mara moja tu, halafu kila mtu wa pale anaelekezwa pale kwa namba. Na kila mtu naye ana namba yake, wanaiita ufunguo. Nikauliza, wa mlango gani? Akasema si wa mlango, ni ili Petro fundi viatu asichanganywe na Petro muuza mkaa. Nikamwambia mimi sihitaji namba, nikikohoa tu Ilomba nzima inajua ni nani. Akanipa namba moja. Hapo nilivuta kiti karibu, maana moja ni moja.

Mwalimu wao akawaagiza kila mwanafunzi atengeneze databesi ya watu wa kweli, si ya kubuni. Neema akachagua chama chetu cha kuzikana, sisi watu wa Iringa tulioko huku, ambao mtu akifa tunamrudisha nyumbani. Mwenyekiti ni mimi, na kila wakichagua hawapati mwingine. Nikakubali. Nilijua chama kikionekana chuoni na mwenyekiti naye ataonekana.

Akaanza na mimi. Jina, jina la baba, kijiji, jina la mke. Nikajibu yote kwa sauti. Halafu akaniuliza bila hata kupepesa macho, "Utazikwa wapi, Babu?"

Mama Yohana, nilisimama. Unajua kwetu mtu mzima haulizwi kaburi lake. Ukilitaja umeliita. Nikamwuliza, nani anataka kujua? Akasema ni mfumo. Nikasema, mfumo una uchungu gani na mimi? Nani atakayesoma? Mafundi majeneza? Maana mjini hapa wapo wanaokupima kwa macho ukipita mbele ya karakana zao. Neema akasema, "Babu, si mzee mwenzenu alipofariki mlisimamisha gari njia panda na maiti ndani, mnabishana liende kwa wajomba zake au kwa baba yake? Ndiyo sababu ya swali."

Hilo lilikuwa kweli, lakini mtoto hapaswi kulikumbusha mbele ya babu yake.

Nikafikiri haraka, kama kawaida yangu. Nikasema, andika kwa Lameck. Mdogo wangu unamjua, amepanda misonobari hadi kwenye mpaka wetu, na kila mwaka miche inatembea hatua kuelekea kwangu. Nikaona kama mashine hiyo inaita kitu, acha kiende huko. Sikudanganya. Nilijikinga.

Sasa angalia watu wangu. Neema kaenda kwa Mama Tuzo, muuza maandazi, mhazini wetu. Mama Tuzo kamwuliza, "Mwenyekiti kasemaje?" Akaambiwa, kwa Lameck. "Basi na mimi andika hivyo hivyo." Kaenda kwa Petro fundi viatu, naye, "Kama Mwenyekiti." Nyumba kwa nyumba, wote kama Mwenyekiti. Hakuna aliyetaka kulitaja lake. Jioni Neema kaniuliza, "Babu, ni kweli wote wanazikwa kwa Babu Lameck?" Nikamwambia chama kina umoja na wananiheshimu. Kubishana na wazee juu ya makaburi kungemletea aibu, basi akaandika.

Siku ya kuonyesha kazi akaniomba niende, eti mwenye kutumia mfumo anatakiwa kuwepo. Nikavaa koti la harusi ya Yohana. Mwalimu ni mwanamke, mdogo kwa mwanetu Rehema, miwani imemshuka puani. Nikamtazama mikono. Haijawahi kushika jembe. Nikajiweka tayari.

Neema akasimama mbele na maandishi yakatokea ukutani kwa mwanga. Alisema vizuri, nikaona fahari, nikawa natazama huku na huku kama wenzake wanaona anafanana na nani. Jedwali la wanachama limejaa kutoka juu hadi chini. Jedwali la mahali pa kuzikia lina mstari mmoja.

Mwalimu akauliza, "Neema, hawa wote wanazikwa sehemu moja?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Ni makaburi ya wilaya?"

Neema akanitazama. Nikasimama, maana mimi siogopi waliosoma. Nikasema, "Ni shamba la mdogo wangu."

"Na yeye anajua?"

"Bado hajaambiwa."

Darasa zima likaangua kicheko. Kijana mmoja nyuma akasema, "Huyo Lameck ajiandae!" Nikamtafuta kwa macho nisimpate.

Mwalimu hakucheka. Alisema, "Neema, umejenga vizuri. Majedwali umeyatenga, funguo ziko sawasawa, hakuna kilichojirudia. Lakini databesi haijui ukweli, inatunza ilichopewa. Leo mmoja wao akifariki, gari unalielekeza wapi?"

Neema akajibu polepole, "Kwa Lameck."

"Utamshushia maiti asiyemjua?"

Basi akampa majuma mawili arudi kwa watu apate ukweli, la sivyo somo hilo atalirudia mwakani, na akilirudia hatamaliza na wenzake.

Njia nzima mtoto alinitangulia hatua kumi. Akapika, akaniandalia, akaenda kukaa nje na baridi yote ile. Nikamwambia mwalimu wako ana wivu, umemzidi akili. Akasema, "Kula, Babu." Nikamwambia Mama Tuzo ndiye aliyeharibu, angesema lake wengine wangefuata. "Kula, Babu." Ananyamaza kama wewe, Mama Yohana, ananyamaza hadi sahani inakuwa nzito. Mwishowe akasema, "Wale hawatasema mpaka wewe useme." Akaingia ndani.

Mke wangu, nililala na neno hilo na likanibana. Si kwamba nilikuwa na kosa. Ila mtu wa kwanza kwenye jedwali ni mimi.

Jumapili baada ya ibada nikaita mkutano uani kwa Mama Tuzo. Nikasema, leo kila mtu atasema pake, pa kweli. Wakatazama chini kama watu waliodondosha sindano.

Mama Tuzo akasema, "Kwani kwa Lameck pamejaa, Mwenyekiti?"

Wakacheka. Mwingine akasema, "Mimi nilidhani Lameck ni kigango cha kanisa."

Nikasema, "Kigango gani? Ni mtu! Tena bahili, hata salamu hatoi bure."

"Na wewe ulitaka kulala kwa bahili milele?"

Nikagonga meza. Petro fundi viatu akasema, "Mzee, usitugongee meza. Tangulia wewe. Ulipotangulia kwenye uongo tulikufuata, tangulia na kwenye ukweli tuone."

Mtu mwingine angenijibu hivyo angeijua siku yake, lakini Neema alikuwa ameshafungua kompyuta, vidole viko tayari, na hakuwa ananitazama. Nikasimama. Nikakung'uta kwanza makombo ya maandazi ya Mama Tuzo kifuani, moja moja. Nikasema, "Nyumbani kwangu, nyuma ya nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu, karibu na mama yangu. Na ubavuni pangu, Mama Yohana."

Nikangoja. Hakuna kilichotokea. Kuku alipita.

Ndipo wakaanza. Mama Tuzo kwa baba yake Mufindi, si kwa mume, na akasema sababu anazo na tusimwulize. Mwingine Kalenga. Mwingine akabishana na mkewe pale pale hadi tukawaahirisha. Ikafika zamu ya Petro. Akasema, "Mimi hapa hapa Mbeya."

Watu wakaguna. Nikamwambia, Petro, siku zote unachangia gari la kwenda Iringa!

"Nawachangia ninyi. Mimi kule hakuna aliyebaki anayenijua, Mzee. Niende kuzikwa na watu watakaoulizana huyu nani? Hapa angalau wenye viatu watakuja."

Hakuna aliyecheka. Neema akauliza taratibu, "Niandike, Babu Petro?" Akasema, "Andika, mjukuu." Mimi nikainama kufunga kamba ya kiatu, ingawa viatu nilivyovaa havina kamba.

Sasa hapa ndipo barua hii ilipotokea. Wake na waume wa wanachama nao wamo kwenye chama, kwa hiyo na wewe una mstari wako. Neema akafika kwenye mstari wako akasimamisha vidole. "Kisanduku cha Bibi siwezi kujaza. Sijamwuliza."

Nikasema, nimeshakuambia, ubavuni pangu. Mimi ndiye mumewe.

"Babu, kila mtu anasema mwenyewe. Si umeona watu walipojibu kwa mdomo wako?"

"Basi acha wazi."

"Hakikubali kuachwa wazi. Nimekijenga hivyo mwenyewe, kwa ajili ya mzee wa njia panda."

Watu wote wananitazama. Mama Tuzo akasema, na yule mwanamke hana adabu ya kunyamaza, "Mwenyekiti anaogopa jibu." Nikamwambia mimi nimekaa na mke wangu tangu ujana na jibu ninalijua. Lakini njiani kurudi, Mama Yohana, nikajikuta natafuta hilo jibu na silioni. Mimi niko huku, wewe uko huko, na ni siku nyingi. Nimesikia ulipokwenda kwenu Kilolo kwenye msiba wa mama yako ulikawia kurudi. Nimesikia kaka zako wanasema binti hata akizeeka ana kwao. Sikuuliza. Mwanamume haulizi kila upepo. Na sasa hivi siulizi kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya masomo ya mtoto.

Neema atakupigia Jumamosi. Simu ishike wewe mwenyewe, utoke nayo nje. Akikuuliza, usiseme andika kama alivyosema mume wangu. Jibu hilo limeshatutia hasara. Sema lako. Kama ni kwenu Kilolo, sema Kilolo, hatakubishia, na mimi nitakaa kimya nikiweza. Kama ni nyuma ya nyumba, sema kwa sauti, maana simu ya Neema haina nguvu na mimi sikio la kushoto limeanza uvivu.

Nisalimie Yohana mwanetu, umwambie binti yake ana akili ya upande wangu. Nisalimie dada yangu mkubwa, umwambie tumbaku nimepata nitaituma. Nisalimie mwinjilisti na shemeji zangu wote, hata wale wa Kilolo. Lameck msalimie kidogo tu, na usimwambie ni watu wangapi walikuwa njiani kwenda kwake.

Mimi mumeo, mwenyekiti, ambaye Jumamosi nitakuwa nimekaa kando ya Neema nikinoa panga ambalo limeshanolewa,

Baba Yohana