Hatua Ishirini Mbele ya Baba Mkwe

Jumanne, 2 Oktoba 1956
Mguu wa kulia umekataa tena kanyagio la cherehani. Suruali ya Bonaventure, mteja wangu, imelala mezani siku ya tatu. Zubeda, mke wangu, anazungusha gurudumu kwa mkono, mimi naongoza kitambaa. Halalamiki. Afadhali angelalamika!
Kapita, msimamizi wa pamba wa serikali, alipita akatangaza: kila mwanamume wa Baraka atapewa shamba la pamba. Asiyelima, buloko, yaani jela. Anayesamehewa ni mwenye karatasi ya daktari tu.

Jumatatu, 8 Oktoba
Placide, muuguzi wa dispensari, kanieleza. Daktari atanitembeza barazani hatua ishirini, saa mkononi, kama Aprili na Julai. Ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, hula polepole, haurudi nyuma. Akiona nimepungua tena, atakisia nitakuwaje miaka mitano ijayo, ataandika karatasi.
“We usijikaze,” kasema Placide. “Tembea vile unatembeaka ku nyumba.”
Rahisi! Sina haja ya kujifanya mgonjwa. Niache tu kujifanya mzima.

Jumatano, 10 Oktoba
Mjinga mimi. Mjinga!
Nani kaketi kwenye benchi la baraza? Baba Mashaka, baba mkwe wangu, kaleta jicho lake litazamwe. Kanzu nyeupe, fimbo. Mkwe huamkiwa kwa kusimama. Akija nyumbani hunikuta nimesimama mlangoni, nimeshika mwimo. Hajui lolote. Na mume wa dada yake Zubeda alipovunjika mgongo, mzee huyu alimrudisha binti yake kwake siku ileile.
Nikatembea kama askari. Meno yameumana, jasho mpaka kiunoni. Daktari akatazama saa, akafurahi! Placide akatafsiri huku kainamisha macho: “Munganga anasema ugonjwa imesimama. Miaka kumi utatembeaka bila fimbo.”
Vitabu vyake, daktari alisema Julai, havijataja mtu mweusi hata mmoja mwenye ugonjwa huu. Lakini miaka yangu kumi kaijua kwa hatua ishirini.
Karatasi hakuna. Baba Mashaka kanishika bega: “Mukwe wangu iko na nguvu!” Nilifika nyuma ya dispensari, nikaanguka.

Alhamisi, 11 Oktoba
Zubeda kajua yote. Anasema hata ningeanguka pale mbele ya baba yake, yeye asingeondoka. Sasa ndiyo ananiambia!

Jumatatu, 22 Oktoba
Shamba langu liko njia ya Lweba. Mistari minne nimelima kwa magoti. Kapita anacheka: daktari kaandika mzima, mzima atalima. Nawachukia wote, na mimi mwenyewe wa kwanza.

Jumamosi, 27 Oktoba
Naandikia shambani, daftari lilikuwa mfukoni. Nimekaa mstari wa sita. Sasa ni miguu yote miwili — nimeipiga ngumi, haisikii. Kapita anadhani nimegoma, kaenda kuita polisi.
Barabarani naona kanzu nyeupe na fimbo. Baba Mashaka. Ameniona! Anakatiza shamba, anakuja, anapunga mkono.
“Mukwe! Simama basi, tuamukiane!”